Unataka kuchangia chuo kikuu cha kanisa? Jua kwanza nani anaamua nini

Jumapili moja baada ya ibada ya pili, usharikani kwetu upande wa Kimara, tulikuwa kwenye mnada kama kawaida, jogoo kafungwa miguu, trei mbili za mayai, mkungu wa ndizi, mzee wa kanisa akatangaza kwamba mnada wa leo ni kwa ajili ya chuo kikuu. Jogoo akafika elfu hamsini. Binti mmoja aliyekaa nyuma yangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shikamoo baba, samahani, hivi hii hela ikitoka hapa inaenda kwa nani?" Nikamwambia inaenda dayosisi, ila moyoni nikajua hilo sio jibu, dayosisi ni kubwa.

Nina sababu ya kulichukulia hili kwa uzito. Miaka ya nyuma tulichangia maktaba ya chuo kimoja, bahasha zilijaa kweli kweli, na baada ya miaka miwili hakuna mtu aliyeweza kutuambia hata kitabu kimoja kilichonunuliwa. Sisemi kuna mtu alikula, hela iliingia kwenye mfuko wa jumla ikalipa vitu vingine, kwa sababu sisi wenyewe hatukuandika popote kwamba ni ya vitabu. Tangu hapo nikaanza kuuliza watu wanaokaa kwenye vikao, na haya ndiyo niliyojifunza.

Anza na mwenye chuo. Chuo cha kanisa kisheria ni chuo binafsi chenye mmiliki, na mmiliki sio askofu kama mtu, ni kanisa kupitia wadhamini wake waliosajiliwa, ndiyo maana kwenye makaratasi ya ardhi mara nyingi unakuta jina la wadhamini. SAUT ya Mwanza, yaani Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, iko chini ya Baraza la Maaskofu Katoliki, TEC, ambao ofisi zao ziko hapa Dar es Salaam, Kurasini. St. John's ya Dodoma ni ya Anglikana, Makumira kule Usa River ni ya KKKT, kanisa la Kilutheri, Teofilo Kisanji ya Mbeya ni ya Moravian. Usichukulie kwamba chuo kikiwa na jina la mtakatifu basi ni cha jimbo lenu, vingine vinaendeshwa na shirika la watawa, na hapo wa kumwandikia barua ni mtu mwingine kabisa.

Sasa hapa ndipo wengi tunapochanganya. Mkuu wa Chuo, yule anayevaa joho zito siku ya mahafali na kutunuku digrii, mara nyingi ni askofu au mtu anayeheshimika sana, lakini sio yeye anayeendesha chuo kila siku. Anayeendesha ni Makamu Mkuu wa Chuo, na huyo ni msomi, kwa kawaida profesa au daktari wa falsafa, chini yake kuna manaibu, mmoja wa taaluma na mwingine wa mipango, fedha na utawala. Juu yao kuna Baraza la Chuo, na Baraza ndilo linalopitisha bajeti, linalopokea ripoti ya mkaguzi wa hesabu, linaloamua ada ipande au isipande. Seneti ni ya mambo ya masomo, mitaala, mitihani, nani kafaulu nani hajafaulu. Kwa hiyo ukiwa na malalamiko ya matokeo ya mtoto wako usimpigie askofu, hana mamlaka nayo na unamweka mahali pabaya, anzia idarani kisha kitivo. Lakini ukiwa na swali la hela ya usharika, hilo ni la Baraza, na kwenye Baraza kanisa lina watu wake, wanafunzi nao wana mwakilishi wao. Uliza ofisi ya dayosisi au jimbo ni nani anayewakilisha huko. Kuuliza sio utovu wa nidhamu, mchungaji wetu mwenyewe alituambia hivyo.

Juu ya wote hao kuna serikali. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005 iliunda TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, na TCU ndiyo inayotoa ithibati, yaani kibali kwamba chuo kinakidhi viwango, inayoangalia walimu wanatosha, maabara ipo, maktaba ipo. Jina la kanisa halikilindi chuo. 2017 TCU ilizuia vyuo kadhaa kudahili wanafunzi wa mwaka wa kwanza na vya makanisa vilikuwemo, wazazi walihangaika sana kipindi kile. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi ingia kwenye tovuti ya TCU uangalie chuo chenyewe na programu zake zina ithibati ya mpaka lini. Kama kuna tatizo huko, basi mchango unaohitajika pengine ni vifaa vya maabara au kumsomesha mwalimu, sio geti jipya.

Tuje kwenye hela. Watu wengi wanadhani chuo cha kanisa kinaishi kwa sadaka, hapana, kinaishi kwa ada. Serikali hailipi mishahara ya wahadhiri wa vyuo hivi kama inavyolipa kwenye vyuo vyake, UDSM au Mzumbe. Kinachotoka serikalini kwa njia nyingine ni mkopo wa Bodi ya Mikopo, HESLB, ambao mwanafunzi wa chuo binafsi naye anapata akikidhi vigezo, sehemu ya ada inakwenda chuoni na ya chakula na malazi inakwenda kwa mwanafunzi. Wanafunzi wakipungua au hela ikichelewa, mishahara inayumba, ni hivyo tu. Halafu kuna marafiki wa nje, Walutheri wa Ujerumani, nchi za Nordiki na Marekani wamesaidia majengo na wahadhiri kwa miaka mingi, na wao huwa wanaandika hela ni ya nini na ripoti inakuja lini. Mimi naona hapo ndipo pa kuiga, maana hela ya mama anayeuza mayai Kimara inastahili barua ileile inayopewa hela ya mfadhili.

Basi sisi safari iliyofuata tulifanya hivi. Kabla ya mnada kamati ya elimu ilimwandikia naibu anayeshughulikia fedha kuuliza chuo kina shida gani tatu zenye bei, akajibu, tukachagua moja, ada iliyobaki ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho ambao wangezuiwa kufanya mtihani. Tukatangaza kanisani hivyo hivyo, sio "kwa ajili ya chuo". Hela tukaweka benki kwenye akaunti ya chuo, sio ya mtu wala ya simu ya mtu hata awe mtumishi wa Mungu, na kwenye karatasi ya benki tukaandika jina la usharika na kazi ya hela. Kopi moja chuoni, moja dayosisi, moja kwenye faili letu. Majina ya wanafunzi hatukuomba, tuliomba idadi na risiti, kwa sababu mtoto wa mtu hapaswi kujulikana kanisa zima kwamba alishindwa ada.

Kama una biashara na kiasi ni kikubwa, ulizia pia TEA, Mamlaka ya Elimu, iliyoundwa kwa Sheria ya Mfuko wa Elimu ya 2001. Kuna cheti wanachompa mchangiaji wa elimu ambacho kinaweza kukusaidia kwenye hesabu za kodi, nenda na mhasibu wako akupigie hesabu.

Na usisubiri kuulizwa. Vyuo vinafunguliwa Oktoba na Novemba, mtihani wa semesta ya kwanza mara nyingi ni Februari, kwa hiyo barua yenu ikifika Septemba mnapata jibu lenye maana, ikifika Januari mnakuta wanafunzi wameshaanza kupanga foleni kwa mhasibu. Yule binti wa siku ile sasa yuko kwenye kamati, yeye ndiye anayeshika faili. Juzi kanionyesha risiti ya mwisho, kaibandika nyuma ya barua ya chuo, na pembeni kwa kalamu nyekundu kaandika tarehe ya kufuatilia, 15 Machi.