Kufuta telefone na diski kabla ya kuviuza

Kabla ya kupeleka telefone soko la Kenya, hapa Lubumbashi, kumbuka kilichomo: picha ya kadi yako ya mpiga kura, ujumbe wa M-Pesa na Airtel Money, namba za ndugu wote. Kufuta picha mojamoja hakusaidii. Mfumo unaweka tu alama kwamba nafasi ile iko wazi, na hasa kwenye kadi ya memori au diski, programu ya bure kama PhotoRec inaweza kuirudisha.

1. Nakili unachotaka kubaki nacho. Sajili WhatsApp kwenye telefone mpya, kisha toa SIM na kadi ya memori.

2. Ondoa akaunti: Paramètres, Comptes, Google, Supprimer le compte. Kwenye Samsung ondoa na akaunti ya Samsung. Wengi wanaruka hatua hii. Ukifuta kwa vitufe vya pembeni huku akaunti ingalimo, kufuli ya Google iliyokuja na Android 5.1 inabaki, na mnunuzi atarudi kukuomba neno la siri. Usimpe kamwe. Kwenye iPhone, zima Localiser (kazi ya kutafuta simu iliyopotea) na utoke iCloud, akaunti ya Apple.

3. Angalia Chiffrement (kuficha data kwa ufunguo) ndani ya Sécurité. Simu zilizotoka kiwandani na Android 10 au zaidi tayari zinaficha data kwa ufunguo; kufuta kunaharibu ufunguo huo, na kilichobaki hakisomeki. Kwenye za zamani washa mwenyewe: betri ijae, chaja ibaki imechomekwa, upe saa moja au zaidi. Umeme wa SNEL ukiwa wa kukatika-katika, subiri usiku uliotulia, maana kazi hii ikikatwa katikati inaweza kuharibu data yote. Kama simu haina chaguo hilo, fanya hatua ya 4, rekodi video mpaka memori ijae, kisha ufute tena.

4. Futa yote: Système, Options de réinitialisation, Effacer toutes les données. Kwenye iPhone: Général, Transférer ou réinitialiser, Effacer contenu et réglages.

Kadi ya memori usiiuze na simu. Ikibidi, pamoja na diski ya kuzunguka ya kompyuta, ichomeke kwenye Windows, fungua diskpart, programu ya Windows ya kusimamia diski, kama msimamizi, andika list disk, select disk na namba yake, halafu clean all. Amri hii inaandika sifuri kila mahali na haiulizi mara mbili, kwa hiyo linganisha ukubwa wa diski kabla ya kubonyeza: ukichagua namba isiyo yake, unafuta diski nyingine yote. GB 500 kwa kasi ya MB 100 kwa sekunde huchukua kama saa moja na nusu. Kwa USB 2 ya MB 30, karibu saa tano.

SSD, diski isiyozunguka, ni tofauti. Yenyewe inahamisha data ndani kwa ndani, hivyo sifuri hazifiki kote. Tumia secure erase (kazi ya kufuta kabisa) ya BIOS, mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, au programu ya kampuni iliyoitengeneza.

Simu isiyowaka kabisa bado ina data kwenye ubao wake (carte mère). Ukiuza kioo na betri, baki na ubao.

Mwisho washa simu, uunganishe na Wi-Fi, upite kurasa za mwanzo. Ikiomba akaunti ya zamani, ingia, iondoe kwa hatua ya 2, ufute upya.