Unajenga Tabora? Jua kila malipo yanaiva lini, hatua kwa hatua

Simu niliyokuwa naipokea kuliko zote ni hii: "Fundi, si ulisema kupaua ni mwezi ujao? Mbona unataka hela ya mbao leo?" Wa mwisho kunipigia alikuwa mama mmoja mwalimu anayejenga Ipuli. Nikamwambia, "Mama, kenchi, yaani fremu za mbao za kubeba bati, zinapanda mwezi ujao, lakini mbao lazima zije sasa, zipigwe dawa, zikauke kwa kupangwa. Zikipanda mbichi zitapinda na bati lako." Akanyamaza kidogo. "Sasa hilo mbona hukuniandikia?"

Alikuwa na haki yake. Sikumwandikia. Tangu siku ile kila mteja wangu namwandikia ratiba ya malipo kabla jembe halijagusa kiwanja, na ndiyo nitakayokuonyesha hapa.

Hatua ya 1: Gawa daftari kurasa tatu

Ukurasa wa kwanza ni vifaa, wa pili ni ufundi, wa tatu ni wengine wote: manispaa, maji, umeme. Usiruke hapa. Ugomvi mwingi ninaoitwa kuamua unatokana na kuchanganya hela hizi. Hela ya vifaa hutangulia kazi, hela ya ufundi hufuata kazi. Mwenye nyumba akitoa milioni mbili "za msingi" bila kusema ngapi ni za saruji na ngapi ni za mafundi, wiki ya pili saruji imekwisha, vibarua hawajalipwa, na kila mtu anaapa kwamba hela aliyopewa si ile.

Vifaa nunua mwenyewe, au lipa dukani moja kwa moja na risiti iandikwe jina lako. Fundi mwaminifu hatachukia, maana unamwondolea lawama.

Hatua ya 2: Hesabu kurudi nyuma kutoka Novemba

Kwetu mvua huanza kushika Novemba na kwenda mpaka Aprili. Nyumba ya tofali za kuchoma zilizojengewa udongo, kama nyingi za mitaa yetu, ikikutwa na mvua haina bati unaanza kuhesabu hasara. Kwa hiyo weka bati Oktoba, kisha rudi nyuma: mbao Agosti au Septemba, tofali na mchanga Juni na Julai wakati malori yanafika kila mahali, msingi Mei au Juni.

Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua ana tatizo lake: hela yake hailipwi kwa kalenda ya fundi. Hukaa akisubiri masoko, halafu zinaingia zote kwa mkupuo na kila mtu anamjua. Ushauri wangu kwake: siku hela inapoingia, lipia vifaa visivyooza (tofali, mawe, mchanga, kokoto, nondo, bati). Saruji usijaze stoo. Ikikaa miezi mitatu inapungua nguvu, na ikipata unyevu inaganda ndani ya mfuko.

Hatua ya 3: Ufundi ulipwe kwa kazi iliyosimama

Hapa nitakaa kidogo. Tuseme mmepatana ufundi wa milioni 5, msingi mpaka kupaua. Hiyo ni namba ya mfano, usimpelekee fundi wako ukisema mimi ndiye nimepanga bei. Mimi ningegawa hivi:

- Msingi mpaka jamvi (zege la sakafu) kumwagwa: 1,500,000
- Kuta mpaka lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), pamoja na zege lake: 1,100,000
- Juu ya lenta mpaka usawa wa paa: 700,000
- Kenchi na bati: 1,200,000
- Kiporo (hela inayobakizwa, tazama Hatua ya 6): 500,000

Angalia maneno. Sikuandika "baada ya wiki tatu" wala "mwisho wa mwezi". Mwisho wa mwezi unafika hata kama ukuta haujapanda. Andikeni kitu ambacho hata mtoto akipelekwa kiwanjani atarudi na jibu: jamvi limemwagwa au bado?

Lakini mafundi wanakula kila siku, na saidia fundi hawezi kungoja jamvi. Kwa hiyo kuna posho ya Jumamosi. Katika ile 1,500,000 ya msingi, Jumamosi ya kwanza toa 300,000, ya pili 400,000, zote ziandikwe na kusainiwa. Jamvi likimalizika anadai 800,000. Si nyongeza, ni hela yake ileile anaila kwa awamu. Kiasi cha posho kipime kwa kazi: ukiona umeshatoa zaidi ya nusu na mtaro bado unachimbwa, funga mfuko na mkae mzungumze.

Advansi kubwa kabla ya kazi, hapana. Anayetaka nusu ili "aanze" mara nyingi anakwenda kumalizia kwa mtu mwingine. Najua, kwa sababu nilipokuwa kijana nilifanya hivyo. Nilichukua hela ya lenta ya mzee mmoja wa Isevya nikalipia vibarua wa nyumba ya Kiloleni, nikatumia miezi miwili kumkwepa sokoni.

Hatua ya 4: Kagua, ndipo utoe

Msingi: kabla ya kulipa, chukua futi kamba upime kona kwa kona, mshazari, pande zote mbili. Chumba cha mstatili kikiwa sawa, vipimo viwili vinalingana. Vikitofautiana inchi tatu, ujue mtu wa taili atakuja kukulilia baadaye. Fundi akikataa upime, umeshapata jibu.

Jamvi na lenta vimwagiliwe maji siku 7 angalau. Wengi hulipa siku zege linapomwagwa, maana wamefurahi na kuna soda. Mimi nashauri hela ya lenta uikate: sehemu kubwa siku ya kumwaga, iliyobaki siku mirunda na mbao zinapotolewa, wiki mbili hivi baadaye. Siku hiyo chungulia kwa chini. Ukiona mashimo kama sega la nyuki au nondo inachungulia nje, hela haijaiva. Na zege halijamaliza kazi yake hapo: nguvu yake kamili hupimwa siku ya 28, kwa hiyo usiharakishwe kupandisha mzigo juu.

Unayejenga ukiwa Dar, picha za WhatsApp hazitoshi. Picha haionyeshi timazi. Mtume ndugu mwenye macho makali, si mwenye huruma.

Hatua ya 5: Malipo yanayojificha

Haya huiva kabla ya hatua unayoifikiria. Dawa ya mchwa hupulizwa kabla ya jamvi, na kwa mchwa wa huku asiyeweka atajuta. Bomba za maji na choo zinazopita chini ya sakafu, nazo kabla ya jamvi. Mabomba ya nyaya za umeme huchimbiwa ukutani kabla ya lipu, hata kama TANESCO utawaona mwakani. Kibali cha ujenzi hulipiwa kabla ya yote, usipende kuamka ukakuta X nyekundu ukutani.

Grili za madirisha huingia kabla ya lipu. Alumini ni kinyume: hupimwa baada ya lipu, kwa sababu lipu hubadilisha upana wa uwazi. Aliyekupimia alumini kwenye boma, kuta zikiwa bado hazina lipu, na kutaka hela yote, mkatae. Niliwahi kumlipa mmoja yote, nikaambiwa "vioo vimekwama njiani" mpaka mvua ikaingia na kutoka. Sasa natoa nusu ya kununulia mali, nusu siku vinapofungwa. Milango ya mninga ni tofauti: lipia mbao mapema, zikauke, na udai risiti ya mahali zilipotoka.

Hatua ya 6: Kiporo

Kwenye kandarasi kubwa hubakizwa asilimia 5 au 10 kwa ajili ya kasoro, na huitwa majina ya heshima. Sisi tunaita kiporo. Andikeni mapema kinaiva lini, vinginevyo fundi atadhani umemdhulumu. Mimi naandika: "mvua kubwa ya kwanza ikipita."

Ikinyesha, ingia chumba kwa chumba na tochi, tazama juu kwenye maungio ya bati na kofia (bati la kileleni), tazama chini pembeni mwa kuta. Palipo na alama ya maji, fundi anarudi kuziba kwa hela yake. Pakiwa pakavu, mtumie kiporo jioni ileile. Yule mama mwalimu wa Ipuli alinitumia saa mbili usiku, mvua bado inadondoka, na ujumbe mmoja: "Fundi, pakavu. Ila jikoni mlango unasugua chini."