SOMO: V8 na bampa la kromu kwenye MGB, gari la michezo la Kiingereza – panga kwanza, grinda baadaye

Wakuu, habari zenu. Swali la "nina MGB ya bampa la raba, nianze na injini au bampa?" limenichosha. Naandika mara moja, atakayeuliza tena namrudisha hapa.

Kuweka V8 (injini ya silinda nane) na kubadili bampa la raba kuwa la kromu ni kazi moja, si mbili. Injini na bampa vyote vinaweza kudai bati likatwe na kuchomelewa. Ukimaliza bampa ukapiga rangi, halafu mwakani ukaleta V8 inayotaka ekzosti ipite pembeni kwenye bati la ndani la fenda, rangi umeitupa.

1. Lijue gari lako. MGB zilitengenezwa 1962 hadi 1980. Bampa la raba lilikuja mwishoni mwa 1974 kwa sababu ya sheria za Marekani, na gari likanyanyuliwa kidogo. Wengi wanazidharau hizo za raba, lakini chumba cha injini kina bati la aina moja na la MGB GT V8 (ya paa gumu) ya kiwandani. Kwa Rover V8, hiyo ndiyo bodi ya kutafuta.

2. Kutu. Toboatoboa vizingiti vya milango kwa bisibisi. Ikizama, sahau injini, nunua bati.

3. Injini. Rover V8 ya lita 3.5 ni ya aluminiamu, kwa hiyo uzito wake haupishani sana na ile ya asili ya MGB, ya chuma, silinda nne, 1798 cc. Kiwanda kiliifunga kwenye GT kuanzia 1973 hadi 1976, magari 2,591.

4. Difu. Uwiano wa ya kawaida ni 3.9, wa ya GT V8 ni 3.07. Ukiacha ya kawaida, barabara kuu injini italia hadi uchoke nayo.

5. KUPIMA. Hapa ndipo pesa zinapopotelea, someni polepole. Tafuta bloku tupu ya V8, ifunge na giaboksi yake, itundike mahali pake kwenye mauntini utakazotumia kweli. Weka manifoldi na kabureta juu. Kanda donge la unga wa chapati, libandike juu ya kabureta, funga boneti taratibu, fungua, pima unga uliobaki. Chini ya unene wa kidole, hapana: injini hucheza ukikanyaga mafuta. Kiwandani walikwepa shida hii kwa kusogeza kabureta mbili za SU nyuma kabisa ya injini, juu ya manifoldi ya kwao.

Kisha funga ekzosti, zungusha stelingi kutoka mwisho hadi mwisho. Angalia shafti ya stelingi inavyopita karibu na bomba. Inapita bila kugusa leo, lakini bomba likipata moto na injini ikitikisika? Acha nafasi. Jambo jingine: bloku tupu ni nyepesi, mauntini hazijabonyea. Injini kamili itakaa chini zaidi, kwa hiyo nafasi ya chini ya sampu (bakuli la oili) isikudanganye. Usinunue ekzosti wala rejeta kabla ya hatua hii. USINUNUE.

6. Bampa. Si kufungua bolti na kufunga kromu. Fenda za mbele zimekatwa tofauti chini, kwa hiyo unachomelea vipande au unanunua fenda za kromu. Unahitaji bati la chini ya grili, grili yenyewe, na taa za indiketa, maana zako zinatoka na raba. Nyuma kuna vishikio vya kukata na mapengo chini ya taa ya kuziba.

7. Kushusha gari: springi fupi mbele, nyuma rekebisha majani. Fanya baada ya injini kukaa, siyo kabla.

8. Waya, rangi, bima. Mwambie mtu wa bima kila kitu.

MASWALI

Kijana_wa_Spana: Mkuu V8 inaingia kwenye ya raba?
Jibu: Hatua ya 1.

Kijana_wa_Spana: Na 2JZ ya Toyota Supra je?
Jibu: Ni sita kwa mstari, ndefu. Pima kwanza, hatua ya 5. Mimi sikuandika somo la Supra.

Mama Leicester: Asante kwa somo. Yangu ni ya 1969, kromu ya asili. Nikitaka nguvu bila kuharibu bodi nifanyeje? Na MOT (ukaguzi wa gari wa kila mwaka)?
Jibu: Dada, swali zuri. Ya 1969 ningeacha silinda nne. Mafundi huitanua hadi karibu 1950 cc, ukiongeza kichwa kizuri cha silinda na kemshafti, gari linabadilika na bodi haijaguswa. Hapa Uingereza gari lililopita miaka 40 limesamehewa MOT, ila mabadiliko makubwa ya miaka 30 ya karibuni yanaweza kukuondolea msamaha. Ukubwa tofauti wa injini ile ile hauhesabiwi. Idadi ya silinda ikibadilika, uwezekano ni mkubwa kuhesabiwa. Tunza karatasi zote.

Mzee_Sacramento: Yangu ni ya 1978. Huku California wanapima moshi.
Jibu: Ndiyo, kaka, na msamaha unaishia kwenye magari ya mwaka 1975. Injini ya kuingia lazima iwe ya mwaka wa gari au mpya zaidi, na vifaa vyake vyote vya moshi. Kaonane na mkaguzi wao kabla ya kununua chochote.

Chuma_Chakavu: Mimi naona yote hayo ni gharama. Raba yangu nimepaka rangi ya gari, inapendeza.
Jibu: Sibishani. Uliweka dawa ya kulainisha rangi?

Chuma_Chakavu: Dawa gani?
Jibu: Ile ya kuchanganya kwenye rangi ya plastiki. Bila hiyo itapasuka kona za mbele.

Mama Leicester: Raba iliyopauka je, bila rangi?
Jibu: Jaribu mashine ya hewa ya moto, mkono usitulie sehemu moja. Anzia chini ya bampa la nyuma, pasipoonekana.