Nanasi: Namna ya Kulichagua, Kulimenya, Kulipikia na Kuliotesha Upya

Wanunuzi wengi hulichukulia nanasi kama embe au ndizi, wakalinunua likiwa bichi kwa matumaini kwamba litaivia nyumbani. Embe na ndizi huvunwa zikiwa na akiba ya wanga, ambao hugeuka sukari hata baada ya tunda kutengwa na mti wake. Nanasi halina akiba hiyo. Sukari yake huletwa na mmea mpaka siku linapokatwa, na baada ya hapo ganda laweza kugeuka manjano na nyama ikalainika, lakini utamu hauongezeki. Ndiyo maana nanasi linalouzwa karibu na shamba, kama yale ya Kiwangwa mkoani Pwani, mara nyingi hulishinda lile lililokatwa mapema ili listahimili safari ndefu.

Unapochagua, usiitegemee sana rangi, kwa sababu yapo mananasi yaliyoiva vizuri na ganda lake bado lina ukijani mwingi. Linyanyue kwanza: lililo zito kuliko ukubwa wake lina maji ya kutosha. Kisha linuse kwenye kitako, ambako ndiko huanzia kuiva. Harufu tamu ni dalili njema, harufu inayokaribia pombe ina maana kwamba limeanza kuchacha, na lisilonuka chochote huenda lilikatwa mapema mno. Ile desturi ya kunyofoa jani la katikati ili kupima uivaji haina uhakika. Vivyo hivyo kuligeuza kichwa chini usiku kucha ili utamu usambae. Ni kweli kwamba upande wa kitako ni mtamu kuliko wa juu, lakini dawa yake ni kulikata kwa urefu, ili kila mlaji apate pande zote mbili.

Tabia hiyo ya kutoivia nje ya mmea ndiyo iliyolifanya nanasi kuwa tunda la wakubwa huko Ulaya. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na Christopher Columbus alilikuta kisiwani Guadeloupe mwaka 1493. Likikatwa bichi halikupata utamu, na likikatwa bivu lilioza melini, hivyo matajiri wa Uholanzi na Uingereza wakajenga nyumba za vioo zenye kupashwa joto ili waoteshe lao wenyewe. Katika karne ya 18 tunda moja lilikuwa ghali kiasi kwamba wengine walilikodi kupamba meza ya karamu, kisha wakalirudisha bila kulionja. Kilicholifikisha kwa watu wa kawaida wa nchi za baridi ni kopo: James Dole alianzisha kampuni yake ya mananasi ya kopo Hawaii mwaka 1901, na muongo mmoja baadaye Henry Ginaca akamtengenezea mashine ya kumenya na kutoa moyo wa tunda.

Jikoni hatuna mashine hiyo, ila kisu kikali kinatosha. Kata taji la majani na kitako, lisimamishe, kisha chonga ganda jembamba kutoka juu kwenda chini bila kuhangaika na macho. Macho hayo ni mabaki ya maua, kwa maana nanasi moja ni vitunda vingi, mara nyingi zaidi ya mia moja, vilivyoungana, navyo hujipanga kwa mistari ya mshazari. Ukikata mifereji myembamba kwa kuifuata mistari hiyo, utayatoa yote bila kupoteza nyama nyingi. Maganda yaliyooshwa vizuri kabla ya kumenya yachemshwe na tangawizi. Hutoa kinywaji kizuri, na kuyatupa ni hasara.

Nanasi lisilopikwa lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, ambacho huvunjavunja protini, na ndicho kimojawapo cha visababishi vya ulimi kuwasha. Chumvi kidogo hupunguza makali hayo. Kimeng'enya hichohicho hulainisha nyama ngumu: paka juisi yake kwa muda usiozidi nusu saa, kwani ukizidisha nyama itakuwa kama uji kwa juu. Usichanganye nanasi lisilopikwa na maziwa kisha ukayaacha yakae, maana yatakuwa machungu. Wala usitarajie jelatini, ile protini ya kugandishia vitamutamu, kuganda likiwemo. Ukilichemsha kwanza, au ukitumia la kopo, tatizo halipo, kwa kuwa moto umekwisha kukiua kimeng'enya. Vipande vilivyokatwa vihifadhiwe kwenye friji na viliwe ndani ya siku tatu hivi, ila nanasi zima lisikae humo kwa muda mrefu, kwani baridi kali hulifanya liwe na weusi ndani.

Taji nalo lisitupwe. Ondoa nyama yote iliyobaki, nyofoa majani ya chini, liache likauke kivulini kwa siku chache ili lisioze, kisha lipande kwenye udongo usiotuamisha maji. Litachukua takriban miaka miwili kutoa tunda, ilhali chipukizi la ubavuni mwa mmea mzima huwahi kwa miezi kadhaa. Mmea uliokomaa ukikataa kutoa ua, moshi husaidia. Wakulima wa visiwa vya Azores waligundua katika karne ya 19 kwamba mananasi yaliyofukizwa kwenye nyumba za vioo yalitoa maua kwa pamoja, kwa sababu moshi una gesi ya etilini, inayouchochea mmea kutoa ua. Nyumbani, weka tufaha lililoiva sana, ambalo hutoa gesi hiyohiyo, karibu na shina, ufunike mmea kwa mfuko wa plastiki kwa siku chache, mahali pasipopigwa na jua kali. Baada ya mavuno, bakiza chipukizi moja au mawili yenye nguvu penye shina la zamani, na mengine yahamishie shimo jipya.