Msamaha wa mkopo wa masomo Marekani: anza na mwajiri

Kwa wauguzi, walimu na wahudumu wa jamii wenzangu mlioko Marekani: sheria ya mwaka 2007 ilileta mpango wa PSLF (Public Service Loan Forgiveness), yaani msamaha wa mkopo kwa walio kwenye kazi ya umma. Ukikamilisha marejesho 120 yanayokubalika huku ukiwa kwenye kazi ya umma, salio la mkopo wa serikali kuu linafutwa, wala serikali hiyo hailitozi kodi ya mapato. Ninaowasaidia kujaza fomu hutaka tuanze na mkopo. Mimi huanza na mwajiri, maana hapo ndipo wengi hukwama.

Hatua ya 1: Mwajiri. Chukua W-2 yako, ile fomu ya mshahara na kodi ambayo mwajiri hukupa kila mwaka. Kisanduku b kina namba ya mwajiri, yaani EIN. Ingia studentaid.gov, nenda sehemu ya kutafuta waajiri wa PSLF, uiandike. Wanaokubalika ni serikali za ngazi zote, shule za umma, na mashirika yasiyo ya faida ya kundi la 501(c)(3). Cheo hakiangaliwi: mpishi wa hospitali ya kaunti anahesabiwa sawa na daktari aliyeajiriwa hapo. Kinachoangaliwa ni nani anakulipa. Muuguzi anayepangiwa zamu hospitali ya umma na wakala wa kibiashara hupata W-2 ya wakala, na miezi hiyo haimo, hata kama hajawahi kukanyaga kwingine. Inauma, ila ni afadhali ujue leo. Saa ziwe angalau 30 kwa wiki. Vibarua viwili vinavyokubalika unaweza kuvijumlisha.

Hatua ya 2: Mkopo. Uwe wa aina ya Direct, yaani uliotolewa na serikali kuu yenyewe. Wenye FFEL au Perkins, aina za zamani za mikopo ya serikali kuu, waombe kwanza kuugeuza kuwa mkopo mmoja wa Direct. Mikopo ya benki haihusiki kabisa.

Hatua ya 3: Malipo. Chagua mpango wa kulipa kulingana na kipato. Mwenye familia kubwa na mshahara mdogo anaweza kupangiwa dola 0 chini ya IBR, mmoja wa mipango hiyo, na mwezi huo ukahesabiwa. Mpango wa kawaida wa miaka 10 unakubalika pia, lakini ukiufuata tangu mwanzo hadi mwisho, hakutabaki deni la kusamehewa.

Hatua ya 4: Fomu, kila mwaka. Usisubiri ufikishe 120. Fomu ya PSLF, ambayo mwajiri huthibitisha kazi yako, ijaze kila mwaka na kila unapobadilisha kazi, kabla bosi hajahama au shirika halijafungwa. Mtandaoni, mwajiri hutumiwa barua pepe ya kusaini. Uliza ofisi ya waajiriwa nani hasa husaini, uandike anwani yake, kisha umwambie aiangalie hata kwenye barua taka. Fomu ni bure. Anayekudai ada ya "kuharakisha msamaha" mkatie simu.

Kazi ikikatika katikati, usikate tamaa: marejesho 120 si lazima yafuatane. Ukirudi kwenye kazi inayokubalika, unaendelea ulipoishia.