Namna ya kulinganisha waimbaji wa kike wa jazz na wenzako bila kuishia kwenye "mi namkubali tu"

Kama unaishi Dodoma na unapenda jazz unajua hali ilivyo, wapenzi wake ni wa kuokota mmoja mmoja, huyu yuko Ilazo, yule anafundisha UDOM, mwingine kahamia na wizara kutoka Dar na hadi leo analalamikia vumbi, na mkikutana mada ni ile ile, nani mkali kati ya Ella Fitzgerald, Billie Holiday na Sarah Vaughan, waimbaji wa jazz wa Marekani. Dakika kumi hazipiti mmoja anasema "Billie ana hisia bwana", mwingine anajibu "Ella ndo ana sauti", basi, mjadala umekufa hapo maana hakuna aliyesema kitu. Ana hisia wapi? Sauti gani?

Kanuni yangu ni moja na huwa naisimamia hata watu wakinuna: taja sekunde. Ukisema fulani anamzidi fulani, weka wimbo, peleka mbele mpaka pale unaposema, wote wasikie. Ukishindwa kuonyesha, hoja yako inasubiri. Mengine yote nayoandika hapa chini ni maandalizi ya kuifanya hiyo kanuni ifanye kazi.

Mahali kwanza. Baa isahau, hata ile tulivu, maana spika ya jirani ikianza singeli saa mbili usiku mmekwisha. Baraza ya nyumbani kwa mtu inatosha, watu watano sita, na ukitaka ushauri wangu fanyeni mwezi wa sita au wa saba, usiku kuna baridi watu hawana haraka ya kutoka nje, ikifika wa nane wa tisa upepo wa Dodoma unapiga mabati mpaka husikii besi. Pakua nyimbo zote mapema kwenye simu, usitegemee bando wala umeme. Na zile spika ndogo za bluetuthi zinadanganya, zinakata sauti za chini, sasa Sarah Vaughan bila sauti zake za chini amebaki nusu, utamhukumu bure. Afadhali spika kubwa ya kuazima hata kama imechoka, au hedifoni nzuri moja mpokezane.

Na sawazisheni ukubwa wa sauti, hili watu wanalidharau. Rekodi mbili zikipigwa na moja ikawa juu kidogo tu, sikio linaipenda ile ya juu, halafu mtu anadhani amempenda mwimbaji. Rekodi za 1936 huwa ziko chini kuliko za 1957, kwa hiyo kaa na simu mkononi upandishe na kushusha.

Kabla ya Wamarekani pasha masikio moto na Malaika. Ndiyo, Malaika ile ile, najua sio jazz, lakini kila mtu barazani anajua maneno, hakuna wa kuhangaika na Kiingereza, kwa hiyo sikio linabaki huru kusikiliza sauti tu. Weka ya Miriam Makeba, ipo kwenye albamu aliyofanya na Harry Belafonte 1965, ile iliyowapa tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Halafu weka ya Angélique Kidjo, kwenye albamu yake Logozo ya 1991. Waulize wenzako, nani anavuta neno, nani analikata, pumzi inachukuliwa wapi. Utashangaa mtu aliyekuwa anasema "mi sijui muziki" anaanza kukuambia rudisha nyuma kidogo, hapo hapo. Huyo tayari kashaelewa mchezo.

Kama kuna mzee kati yenu jiandae, atasema nyie watoto jazz mnaijulia wapi, jazz ni Morogoro Jazz na Western Jazz. Usimbishie. Bendi zetu za dansi zilijiita jazz miaka nenda rudi na yeye alizicheza, mwamkie vizuri, mpigie kibao kimoja cha Mbaraka Mwinshehe atulie, ndo muendelee. Na mara nyingi huyo mzee ana sikio kuwazidi wote, subirini tu.

Haya, kazi yenyewe. Chagueni wimbo mmoja ambao wote wameuimba. Hapa ndo watu wanaharibu, wanalinganisha Ella kwenye wimbo wa kuchangamka na Billie kwenye wimbo wa huzuni, halafu wanasema Ella anachangamka zaidi, sasa hiyo ni habari gani? Mi huwa naanza na Summertime. George Gershwin aliitunga kwa ajili ya opera yake Porgy and Bess ya 1935, na ndani ya opera ni mama anambembeleza mtoto alale. Waambie wote hilo kwa Kiswahili kabla hamjaanza, asiyejua Kiingereza asiachwe nje. Yaani unasikiliza wimbo wa kubembeleza mtoto, kwa hiyo swali la kwanza ni rahisi mno: huyu anabembeleza kweli?

Anza na Billie Holiday, Julai 1936, mwaka mmoja tu baada ya opera kutoka. Haibembelezi hata kidogo! Mwendo una mchakamchaka, nyuma yuko Bunny Berigan na tarumbeta inayounguruma na Artie Shaw kwenye klarineti, yeye anapita katikati yao kama hana habari. Hapa mpe mtu mmoja kazi ya kugonga meza kwa kidole, mapigo tu, asiache. Kama mna mama wa Kigogo pale mpe yeye, kina mama wa Kigogo ndo wapigaji wa muheme, ngoma ikiwa katikati ya magoti, hao mapigo hayawapotei. Sasa sikilizeni neno la Billie linaanguka wapi ukilinganisha na kidole. Linachelewa. Sio kila mara, na hachelewi kwa kiasi kile kile, anabaki nyuma, anabaki, halafu anakuja kuifikia bendi mwishoni mwa mstari. Hicho ndo wanachokiita hisia! Ni kitu unaweza kukionyesha kwa kidole kwenye meza. Sauti yenyewe ni nyembamba na haipandi wala kushuka mbali, zaidi kidogo ya oktava moja, yaani kutoka do mpaka do inayofuata, na hata hivyo amebadilisha namna watu walivyoimba baada yake.

Halafu Ella Fitzgerald na Louis Armstrong, walirekodi 1957. Huku mwendo umetulia kabisa, vinanda vya nyuzi nyuma, tarumbeta ya Louis inafungua mlango kwanza ndo Ella anaingia. Huyu anabembeleza. Sikilizeni usafi, kila noti iko katikati pale inapotakiwa, haitelezi, haikwaruzi, hata mwisho wa neno haudondoki. Mshabiki wa Billie atasema ni safi mno, haumii. Sawa, mwambie aonyeshe sekunde ambayo Ella alitakiwa aumie, kwa sababu ni wimbo wa kumlaza mtoto, mtoto atalalaje ukiumia? Hapo mna ubishi wa maana. Mi mwenyewe kwenye wimbo huu niko na Ella, lakini mkihamia wimbo wa kuachwa na mpenzi simtaki tena.

Sarah Vaughan aliurekodi mwishoni mwa miaka ya 1940 na okestra. Kwake sikilizeni vitu viwili, ukubwa wa sauti yenyewe, kutoka chini kabisa mpaka juu kwenye soprano, ile sauti ya kike ya juu, na ule mtetemo mwishoni mwa noti ndefu ambao anaupanua anavyotaka. Sarah alikuwa mpiga piano toka utotoni kanisani huko Newark na unasikia, anachagua noti ambazo mwimbaji wa kawaida hajui kama zipo. Wengine inawachosha, wanasema anapamba mno. Hoja halali kabisa, ila sekunde tafadhali.

Malizia na Nina Simone, rekodi ya ukumbi wa Town Hall New York 1959. Kwanza anaupiga kwa piano peke yake bila kuimba, ndo baadaye anaimba. Watu wengi huwa wanaruka hiyo ya piano. Msiruke, huyu alisomea muziki wa klasiki akitaka kuwa mpiga piano wa konsati, na piano yake inakuonyesha sauti yake itaenda wapi.

Ficheni majina, hili muhimu. Anayepiga nyimbo ageuze simu, wengine wasijue nani anaimba mpaka mwisho. Mtu anayemwabudu Ella akisikia jina tu ameshatoa maksi. Bila jina mara nyingine anamsifia aliyekuwa anamponda wiki nzima, na hapo usimcheke sana, mtahitajiana tena.

Sasa kuhusu maisha yao. Weka pembeni mpaka mmalize kusikiliza. Billie alipitia mengi, madawa, kifungo 1947, akitoka akanyimwa kibali cha kuimba kwenye klabu za New York, akafa 1959 akiwa na miaka 44, na ukisimulia hayo kwanza kila mtu atampigia kura ya huruma. Wimbo mmoja tu ndo hauingii kwenye sheria hii, nao ni Strange Fruit. Huo huwezi kuusikiliza bila kujua, shairi ni la Abel Meeropol, mwalimu wa New York, linahusu watu weusi waliokuwa wananyongwa na kuachwa wananing'inia mitini kule kusini mwa Marekani. Billie aliurekodi 1939 kwa kampuni nyingine, Commodore, kwa sababu kampuni yake, Columbia, iliukataa. Usiulinganishe na wimbo wa mapenzi hata siku moja. Mwenzake ni Nina Simone wa 1965, wimbo ule ule, na hapo swali sio nani ana sauti, swali ni nani anakuacha umekaa kimya na kwa njia gani, Billie anakusimulia bila kupandisha sauti, Nina anavuta neno karibu na mwisho mpaka unataka aache. Tengeni usiku wake, msiuchanganye na soda na utani.

Angalieni na enzi. Bessie Smith, mwimbaji wa blues wa Marekani, alianza kurekodi 1923, kabla ya maikrofoni kuingia studio mwaka 1925, alikuwa anaimba kwenye bomba la kunasia sauti, lazima utoe sauti toka tumboni. Siti binti Saad wetu wa Zanzibar, aliyeenda kurekodi Bombay 1928, naye alikulia dunia ya kuimba usikike bila mashine. Ukimleta Billie, aliyezaliwa 1915 na kuikuta maiki ipo, anaweza kunong'ona na bado ukamsikia, basi usiseme Bessie anapiga kelele, hakuwa na namna. Na santuri za zamani upande mmoja ulibeba kama dakika 3, santuri ndefu (LP) zimekuja 1948, kwa hiyo usimlaumu mtu wa 1936 kwamba hajajiachia. Mkitaka kumsikia Ella akijiachia chukueni rekodi yake ya jukwaani Berlin 1960, kwenye Mack the Knife, alisahau maneno katikati ya jukwaa akaanza kutunga yake hapo hapo, na rekodi hiyo ikampa Grammy. Ila hiyo ni ya kufurahi, kuilinganisha na nani?

Vijana watamleta Samara Joy, mwimbaji wa jazz wa kizazi kipya, aliyepewa Grammy ya msanii mpya bora 2023. Safi, na usiwaambie kina bibi hawafikiwi. Alishinda shindano lenye jina la Sarah Vaughan 2019, basi muweke na Sarah mwenyewe, wimbo mmoja, majina yamefichwa. Mwingine atauliza kama mwimbaji Norah Jones ni jazz au sio. Mwambie mtaongea mkiwa mnasubiri bajaji.

Mtu akikaza shingo na kipenzi chake, mpe zamu ya kumtetea yule asiyempenda, dakika tano, kwa sekunde. Shabiki wa Sarah aliyelazimika kumtetea Dinah Washington, mwimbaji mwingine wa enzi zile, atagundua jinsi Dinah anavyotamka, kila herufi unaisikia, na kesho yake atakuomba umtumie nyimbo zake kimya kimya.

Msipige zaidi ya nyimbo mbili kwa usiku mmoja, masikio yanachoka na mnaanza kusema sema tu. Wimbo wa pili mi huwa nachukua Lover Man, Billie wa 1944 na Sarah wa 1945 akiwa na Dizzy Gillespie kwenye tarumbeta na Charlie Parker kwenye saksofoni, umepishana mwaka tu kwa hiyo kisingizio cha enzi hakuna. Anza na Sarah. Ukianza na Billie, watu watampima Sarah kwa kipimo cha Billie usiku mzima, maana yule wa kwanza kusikika ndo anakuwa rula.