Somo: Je, gabapentini inapunguza uvimbe au maumivu tu? Jaribio la unyayo wa panya

Gabapentini iliidhinishwa Marekani mwaka 1993 kama dawa ya kifafa, lakini siku hizi wengi wanaijua kwa maumivu ya neva. Panya aliyepewa dawa ya maumivu anaweza kuacha kuchechemea huku unyayo wake umefura vilevile. Ndiyo maana hapa tunapima unyayo, hatupimi mwendo. Njia ni ya karajinani, dutu ya mwani inayofurisha unyayo ikichomwa, iliyoelezwa na Winter na wenzake mwaka 1962.

1. Kibali kwanza. Bila barua ya kamati ya maadili usimguse panya hata mmoja. Makundi 5 ya panya 6, wa aina ya maabara iitwayo Wistar, gramu 150 hadi 200, yanatosha kwa kuanzia.

2. Karajinani ya 1%. Tia miligramu 50 za aina ya lambda kwenye mililita 5 za maji ya chumvi ya 0.9%. Nyunyiza kidogo kidogo huku unakoroga, kisha iache usiku kucha. Bonge likibaki huziba sindano, na panya huyo atapata pungufu bila wewe kujua.

3. Dawa. Kundi la kwanza linyweshwe kimiminika kitupu kisicho na dawa, la pili indometasini (dawa ya uvimbe inayojulikana, ya kulinganishia) miligramu 10 kwa kilo, matatu yaliyobaki gabapentini 10, 30 na 100. Indometasini haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo makundi yote yatumie kimiminika kilekile cha selulosi ya karboksimethili, 0.5%. Panya wa gramu 200 kwenye dozi ya 100 anahitaji miligramu 20. Mnyweshe saa moja kabla ya sindano.

4. Mstari wa wino. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, naomba msome taratibu. Chora mstari kwa wino usiofutika kwenye kifundo cha mguu wa nyuma wa kulia. Pletismomita, kifaa cha kupima ujazo wa unyayo, husoma maji yanayosukumwa na unyayo. Ukizamisha milimita mbili kupita mstari, umeandika uvimbe ambao haupo. Mfunge panya kwenye taulo, ngoja atulie, zamisha hadi mstari, soma. Rudia mara tatu, chukua wastani. Anayesoma asijue panya ni wa kundi gani.

5. Baada ya kipimo cha mwanzo, choma mililita 0.1 ya karajinani chini ya ngozi ya unyayo. Pima tena kila saa hadi ya 5.

6. Hesabu. Toa kipimo cha mwanzo upate ongezeko. Tuseme kundi la kwanza limeongezeka mililita 0.80 na la dawa 0.60: umezuia 25%.

Mwanzoni uvimbe huletwa zaidi na kemikali za mwili ziitwazo histamini na serotonini. Kuanzia saa ya 3 prostaglandini, kemikali ambazo indometasini huzizuia, hutawala. Indometasini isipofanya kazi hapo, usiamini matokeo ya siku hiyo. Ukimaliza, panya wauawe kwa njia iliyoidhinishwa. Wasiachwe na maumivu hadi kesho.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, kwa nini dawa ya neva iguse uvimbe?
Jibu: Licha ya jina lake, haishiki vipokezi vya GABA, kemikali inayotuliza neva. Hushika sehemu ya alfa-2-delta ya njia za kalsiamu, na neva hutoa kemikali chache zaidi, ikiwemo dutu P. Dutu P hutanua mishipa ya damu na kuvujisha maji. Kwa hiyo swali lina msingi.

Swali: Panya wangu wa dozi ya 100 wamesinzia. Nitupe data?
Jibu: Usitupe, ndugu yangu, ila andika. Usinzivu huharibu vipimo vya maumivu, vya panya kuinua mguu, kuliko pletismomita. Ongeza kipimo cha kutembea juu ya fimbo inayozunguka.

Swali: Mama yangu analima mwani Paje. Naweza kutumia wetu?
Jibu: Shikamoo zake zimfikie mama. Mwani wa spinosamu wa Zanzibar hutoa karajinani ya iota, mwani wa kotonii hutoa kapa, na zote mbili hugandana. Lambda haigandi, na hutoka kwenye mwani wa jamii nyingine. Kwa jaribio hili nunua lambda iliyosafishwa, tumia ya chupa moja kwa panya wote 30.